Kura za Daraja Ziko Ruwi

Wakenya wa Ruwi, hapa Muscat, wananiita Tume. Jina hilo walinipa baada ya uchaguzi uliopita, nilipomtaja gavana wetu kabla hajatangazwa, na nikataja hata sehemu atakazopigwa. Sina uchawi wowote. Napigia simu watu wa nyumbani wanaoshinda sokoni, nauliza, halafu nafunga mdomo nasikiliza. Wenzangu wao hupiga simu ili waongee.

Kwa hivyo seneta wetu alipofariki na uchaguzi mdogo ukatangazwa, nilijua watakuja kuniuliza nani atakalia kile kiti. Sikujua wa kwanza atakuwa mdogo wangu Otieno, tena akija na jibu lake tayari.

Otieno ni fundi wa AC, ameajiriwa na kampuni moja kule Azaiba. Mgombea wa chama chetu cha Daraja ni wakili, na sote tunamwita hivyo hivyo, Wakili. Huyo alikuwa amemwahidi Otieno kazi katika ofisi ya seneta, mradi aende nyumbani sasa hivi amsaidie kampeni. Basi Otieno alitaka kuacha kazi Jumapili, siku ambayo wiki ya kazi huanza huku. Hapa ukiacha kazi unarudisha bataka yako, kile kitambulisho cha ukaazi, unapanda ndege, khalas. Kutoka tena ni kuanza upya na maajenti, na mimi najua nilivyohangaika kumleta huyu kijana Muscat. Asiniambie mtu eti nisiingilie.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya kanisa huku, baada ya ibada tuliketi kwenye mkahawa karibu na stendi ya mabasi, mimi, Otieno na Tony. Tony ni mwenyekiti wa Daraja tawi la Oman, cheo alichojipa mwenyewe. Alishapiga hesabu zake: Daraja wanashinda asubuhi na mapema, kazi ni kungoja tu kuapishwa. Ushahidi wake ulikuwa kundi letu la WhatsApp, ambako mchana na usiku ni Wakili, Wakili, Wakili. Mpinzani wake ni daktari wa mifugo, mgombea huru, hana chama, hana hata fulana zenye sura yake. Kwenye kundi alitajwa kwa kuchekwa tu.

Nilimwomba Tony aniambie hao watu wa kundi wako wapi. Akaanza kwa majivuno: huyu yuko Doha, yule Riyadh, Achieng yuko Salala, wale wengine wote ni hapa hapa Ruwi. Nikamwacha aendelee. Alipofika kwa watu wa Dubai sauti ilikuwa imeanza kumshuka, maana hata yeye si mjinga. Daraja ni chama cha vijana, na vijana wetu wako Ghuba. Sisi wa ng'ambo hatumpigii seneta kura. Kule nyumbani walioshika kadi za kura ni mama zetu, na hao hawamo kwenye kundi la Tony.

"Mama zetu watatusikiliza," Otieno akasema. "Nani anawalisha?"

Hapo alinikera, nikamwambia basi tumuulize wetu. Nilikuwa na hakika Mama atasema huyo Wakili hamjui hata kwa sura, na Otieno ataona aibu kidogo, atapoa, Jumapili ataenda kazini. Nikapiga, nikaweka simu mezani ili wote tusikie.

Mama alitusalimia, akauliza kama tumekula. Otieno akamuuliza kura yake anampa nani. Hakuzunguka. Akasema anampa daktari. Otieno akacheka, akamuuliza huyo daktari wa ng'ombe amewahi kumfanyia nini.

"Alimzika baba yenu," Mama akasema.

Mzee wetu alifariki mwaka jana. Mimi nilinyimwa likizo, na Otieno alikuwa mgeni kazini, bado wanampima. Tulituma tulichokuwa nacho, tukatazama mazishi kwenye simu chumbani kwangu, picha ikikwama kila mara. Tuliona jeneza likipita kwenye mvua. Waliolibeba hatukuwaona vizuri, na haki ya Mungu, hatukuwahi kuuliza.

Mama akatueleza kama mtu anayeeleza bei ya unga. Gari lilinasa kwenye tope kule mtoni. Wanaume walikuwa wachache, wengi wazee. Daktari alikuwa kwa jirani akizalisha ng'ombe, akasikia kelele, akaja na gambuti zake. Wakati huo hakuwa mgombea wa chochote. Alibeba mpaka kaburini, akashika koleo, akaondoka hata chai hakunywa.

Otieno alikuwa ameinamia simu. Akauliza, "Alishika wapi?"

"Mbele. Waliita mtoto wa kiume aje ashike mbele, hakutokea mtu. Yeye ndiye akashika."

Tony aliinuka, akasema anaenda kuongeza chai, na hakurudi upesi. Mimi nilikuwa nimeshinda ubishi wangu na roho iliniuma vibaya sana. Nilitaka Otieno abaki, lakini si kwa kupigwa hivi, tena pigo lenyewe ni langu pia. Mtoto wa kiume wa kwanza wa yule mzee ni mimi.

Nilinyoosha mkono nikate simu, Otieno akanizuia. Mama naye alikuwa bado na neno. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba Otieno anarudi kwa ajili ya kampeni, akataka kujua kama ni kweli, ili amsafishie ile nyumba yake ya nje.

Otieno akaivuta simu karibu yake.

"Hapana, Mama," akasema. "Siji. Jumapili naenda kazini."

"Ni sawa, mwanangu," Mama akamjibu. "Sisi huku tumeshazoea."