Ndege wa Kusomea Kivulini

Nianze na ukweli, maana uongo nimeshausema wa kutosha. Bwawa la bustani kubwa ya jiji limefukiwa nusu, na mkono wangu umo. Sikushika koleo wala sikuendesha katapila. Nilikaa tu kwenye benchi la chuma kila Jumamosi asubuhi, nikafungua mdomo.

Kaka yangu alikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani walimwita Mita, na jina likamganda hata alipostaafu. Kazi yenyewe haina ufahari. Unagonga geti, mbwa anakubwekea, unapiga magoti, unafunua mfuniko wa chuma, unafuta matope kwa kidole, unasoma namba, unaandika. Wenzake wengi walichoka mapema. Walikaa chini ya mti na soda zao wakajaza kitabu kizima kwa kukisia: nyumba hii mwezi jana ilikuwa hivi, basi mwezi huu iwe hivi na kidogo. Hiyo waliiita kusomea kivulini. Kaka alikuwa haachi kulisema jambo hilo, hata tukiwa mezani.

"Mwizi namwelewa, mwizi ana njaa," alikuwa akisema. "Lakini mtu anayeandika namba ambayo haikuonwa, huyo simwelewi kabisa."

Kwa ajili ya kusomea kivulini alikosana na rafiki yake wa kazini, na walikuwa chanda na pete. Hawakusalimiana tena mpaka yule bwana akafa. Mazikoni kaka alikwenda, akasimama nyuma, akarudi. Nikamwambia, "Wewe kaka una roho ngumu." Akanijibu, "Sina roho ngumu. Sikuwa na la kumwambia."

Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshatangulia, akahamia kwangu, chumba cha nyuma. Mikono yake haikuzoea kukaa bure, basi hesabu zake akazihamishia kwa ndege. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa bwawani na daftari la jalada gumu: tarehe, hali ya hewa, halafu ndege. Masika walikuja bata maji kwa makundi. Kipupwe yangeyange walijenga viota kwenye miti ya kisiwa kidogo cha katikati mpaka majani yakawa meupe kwa vinyesi. Vuli wakashuka vitwitwi, wageni wa kutoka nchi za baridi, wakitembea ukingoni kwa miguu yao myembamba. Kiangazi wakabaki wenyeji: mnandi wawili watatu, wale weusi wa kupiga mbizi, na mdiria mmoja, ndege mdogo wa kuvizia samaki, aliyekalia waya karibu na mfereji. Miaka saba aliandika peke yake, nami nikawa namcheka. "Uliacha kuhesabu maji, sasa unahesabu wanaoyanywa!"

Kisha ikaja presha ya macho. Daktari akasema kilichopotea hakirudi. Kaka akabaki anaona mwanga na vivuli tu, basi. Hakulia, wala hakutaka kuonewa huruma. Aliniomba jambo moja. "Mdogo wangu, niazime macho yako. Jumamosi tu."

Nani angekataa? Tukawa tunakwenda wawili. Mimi nahesabu, yeye anaandika. Alikata kidirisha kwenye kipande cha boksi, upana wa mstari mmoja, akakiteremsha kwenye ukurasa na kuandika ndani yake kwa kalamu nene. Mwandiko ulibaki mnyoofu vilevile. Nilipomwambia niandike mimi, alinishangaa. "Namba anaiandika mwenye kuidhamini."

Mwaka uleule, ng'ambo ya barabara, walianza kuchimba msingi wa ghorofa refu. Pampu zilinguruma kutwa zikimwaga maji kwenye mtaro, na bwawa likaanza kurudi nyuma, likaacha tope ukingoni. Mwenye ghorofa alitaka nusu ya bwawa, ile ya bondeni, aifukie iwe maegesho ya magari. Ofisi ya jiji ikatangaza kwamba vuli ya mwaka unaofuata ikiisha, itawaita watu isikilize: ikionekana uchimbaji umedhuru bwawa, hapewi kitu, isipoonekana, atapewa.

"Wenye maneno watakuwa wengi," kaka akasema. "Mwenye hesabu ni mimi peke yangu. Ndege wakipungua, daftari litasema."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Sitaki mtu aje aniambie sikujua.

Uongo wa kwanza niliusema kiangazi. Mimi ni fundi cherehani, na asubuhi ile nilikuwa na gauni la bibi harusi, pindo halijakunjwa, mwenyewe anakuja saa nne. Tumeshahesabu wote, jua linanichoma shingo, na kaka hanyanyuki. "Mdiria bado," anasema. Nikangoja. "Bado?" Nikangoja tena. Mdiria hayupo, mdiria hataki kuja, na gauni linanisubiri.

"Huyo hapo, kwenye waya," nikasema.

Kwenye waya kulikuwa na waya.

Lo, uso wake ulivyofunguka! "Anafanya nini?"

"Anaangalia maji."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akaandika moja. Tukanyanyuka, gauni likaisha kwa wakati, bibi harusi akaolewa. Wala sikukosa usingizi.

Masika yaliyofuata, bata maji waliokuja walikuwa kumi na mmoja. Miaka yote kaka alikuwa anaandika arobaini, hamsini. Nikamwambia ukweli, kumi na mmoja, akaandika. Mchana hakula. Jioni nikamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, ameelekea ukuta. Jumamosi iliyofuata walikuwa tisa. Nikasema thelathini na wawili. Akatabasamu, akala, akaomba aongezewe.

Kuanzia hapo sikuwa na haraka tena ya kurudi nyumbani. Nilikuwa na huruma, nayo ilikuwa mbaya kuliko haraka, maana haikuwa na saa ya kuisha. Nikawa fundi wa ndege kama nilivyo fundi wa nguo. Viota vya yangeyange nikavijaza kisiwani kipupwe kizima, na kisiwa chenyewe kilikuwa kimeshaungana na nchi kavu, paka wanapita wanavyotaka. Vuli nikampa vitwitwi ishirini na sita, mmoja nikamfanya kilema wa mguu, ili kaka apate wa kumuulizia kila wiki. "Kilema wetu yupo?" "Yupo, kaka, leo anagombana na wenzake." Anacheka mpaka anakohoa. Tukirudi nyumbani ananiambia, "Wagumu hawa ndege. Wanavumilia." Na mimi mjinga naona nimefanya la maana.

Mlinzi wa bustani, mtu mzima mwenye filimbi shingoni na mdomo usio na breki, alinisikia siku moja. Akanivuta pembeni. "Dada, mnandi gani hao watano? Mimi naona kunguru na mfuko wa nailoni."

"Macho yako mabovu," nikamwambia.

"Mabovu ni ya mzee. Yangu mazima. Njia ya mwongo ni fupi, dada, shauri yako."

Nilimtukana kimoyomoyo nikarudi kwenye benchi.

Barua ya wito ilipofika ndipo akili ilipoingia kichwani. Nilimsomea kaka mimi mwenyewe. Alilitoa daftari, akalifuta jalada kwa kitambaa, akaniomba nimpigie pasi shati jeupe. Siku nne nilikuwa nazunguka na maneno mdomoni. Nikifika mlango wa chumba chake, nauliza kama anataka chai. Siku yenyewe, njiani, nikasema, "Kaka, tuseme hili daftari tusilipeleke." Akasimama katikati ya watu. "Nimelitunza miaka tisa ili niliache kabatini?" Mwoga hana haja ya kufungwa mdomo na mtu, anajifunga mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja inayogugumia. Mbele alikaa afisa wa mazingira, mwanamke wa makamo, mpole, miwani imemteremka puani. Kando yake mhandisi wa lile ghorofa na ramani zake. Watu wakasema, wakapiga kelele, wakakaa. Kaka akaitwa. Nilimshika mkono mpaka mezani. Akasema maneno machache tu: "Mimi nilikuwa msoma mita. Humo hamna maneno yangu, mna namba."

Afisa akafungua. Alisoma muda mrefu, akirudi nyuma na kwenda mbele, kidole kikitembea.

"Mwandiko ni wako, mzee?"

"Wangu. Kila namba."

"Tunakushukuru sana. Jiji zima hakuna kumbukumbu kama hii." Akavua miwani. "Maji yamepungua, hilo hata mhandisi halikatai. Tulichotaka kujua ni kama viumbe wameathirika. Kwa daftari hili, yangeyange kabla ya uchimbaji walikuwa arobaini. Mwaka jana, arobaini na watatu. Bata maji wako palepale. Vitwitwi wameongezeka." Alisema kwa upole, kama daktari. "Mzee, kwa hesabu yako mwenyewe, bwawa halijadhurika."

Mhandisi alikuwa anaandika haraka haraka.

Niliona vidole vya kaka vinaipapasa meza, vinalitafuta daftari. Nikasimama. "Nimedanganya mimi!" nikapiga kelele. "Yeye haoni. Mimi ndiye niliyekuwa namtajia. Hao ndege hawapo!"

Afisa akaniangalia. "Tangu lini, mama?"

"Tangu kiangazi cha mwaka jana."

"Kabla ya hapo zote ni za kweli?"

"Za kweli."

"Na baada ya hapo, zipi za kweli na zipi si za kweli?"

Siku nyingine nilisema ukweli, siku nyingine nikaongeza watano, siku nyingine thelathini. Ningekumbuka vipi?

Mhandisi akainua mkono taratibu. "Mheshimiwa, shahidi anasema daftari ni la uongo. Naomba lisitumike."

Na halikutumika. Si kurasa zangu tu. Lote. Miaka saba aliyokuwa ameamka alfajiri peke yake, na macho yake mwenyewe, ilifungwa pamoja na uongo wangu na kurudishwa juu ya meza. Afisa aliomba radhi. Akasema bila ushahidi hana la kuzuia.

Nje, kwenye ngazi, kaka aliutoa mkono wake kwangu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kutukanwa.

"Kilema," akasema. "Yule kitwitwi wa mguu mmoja."

"Kaka, nisamehe."

"Hakuwepo?"

"Hakuwepo."

Akatikisa kichwa, polepole. "Umenisomea kivulini," akasema. Akashuka ngazi peke yake, akipapasa ukuta.

Katapila lilikuja kabla ya masika. Sasa bondeni kuna kokoto na mistari ya rangi, magari yamepangwa. Upande wa juu limebaki dimbwi. Kaka bado anakaa kwangu, anakula ninachopika, anasema ahsante. Jumamosi anakwenda bustanini vilevile, ila anayemhesabia ni mlinzi. Mimi namsindikiza, kisha nakaa benchi la pili. Hakunifukuza. Hakunikaribisha pia.

"Leo?" anauliza.

"Hakuna kitu, Mzee Mita," mlinzi anasema. Kaka anateremsha kidirisha chake cha boksi, anaandika sifuri.

Jumamosi iliyopita mlinzi aliitwa getini, gari limegonga nguzo. Tukabaki sisi wawili, kila mtu na benchi lake. Ndipo akashuka. Yangeyange mmoja, mweupe pe, akatua kwenye ukingo wa dimbwi, hatua kumi kutoka kwenye viatu vya kaka. Nikanyanyuka taratibu, nisimtishe.

"Kaka," nikanong'ona. "Yangeyange. Mmoja. Yuko mbele yako, anatembea kwenye maji."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Haikusogea.

"Haki ya Mungu, kaka. Safari hii yupo kweli."

"Tumsubiri mlinzi," akasema.

Tukamsubiri. Ndege alidonoa mara mbili, akainua shingo, akaruka juu ya magari akaenda zake. Mlinzi akarudi anahema, akaangalia dimbwi kutoka upande huu hadi upande ule.

"Hakuna kitu, mzee."

Kaka akakishika kidirisha chake, akakiweka sawa kwa kidole gumba, akaandika sifuri.