Wadudu Tisa wa Kisiwa cha Pili

Nangila Sitati alinitafuta kwa sababu ya mikono yangu. Baba yake alikuwa fundi wa reli, tukiwa majirani mtaa wa Bondeni kabla mimi sijahamia mtaa wa Section 58, naye binti alijua kwamba kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa nyapara wa wachuma pareto upande wa Molo. Mtu aliyezoea kutenganisha ua bichi na ua lililokomaa hawezi kusumbuliwa na kitu kidogo.

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kweli. Nangila alikuwa amerudi kutoka visiwa vitatu karibu na ncha ya kusini ya dunia, mahali pa baridi kali pasipo na mti hata mmoja. Alileta sanduku la mitungi ya spiriti. Ndani ya spiriti mlikuwa na mchanga, nyuzi za kuvu na wadudu wadogo kuliko punje ya wimbi. Walipokuwa hai waliishi udongoni, hawana mabawa, na huruka kwa kijimkia wanachokikunja chini ya tumbo.

"Mzee Waithaka, nataka mtu hana haraka," aliniambia katika maabara ya chuo. "Vijana wanachambua dakika kumi, halafu wako kwa simu. Nipe thelathini kutoka kila kisiwa. Kila kisiwa na kichupa chake. Sasa, sababu ni hii, jeni za hawa wadudu..."

"Jeni nazijua, Daktari," nikamkata. "Nilifanya biolojia shule ya usiku, nikapita."

Alitabasamu, akaacha. Alikuwa bado hajamaliza shahada yake, lakini nilimwita Daktari ili azoee. Naye aliniahidi kwamba jina langu litachapishwa katika ripoti. Nilimwambia mke wangu jioni hiyo hiyo, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari.

Nilifanya kazi wiki sita kwa hadubini, kibano na brashi ya nywele tatu. Kisiwa cha Kwanza kilikuwa na wadudu zaidi ya mia nne. Nilijaza kichupa chake kabla ya chai ya saa nne. Kisiwa cha Pili kilikuwa kigumu. Nilipekua mtungi wake siku tatu, nikapata ishirini na mmoja.

Hapa lazima nieleze desturi ya shambani. Kule Molo, mpimaji alikuja na lori, na debe ambalo halijajaa hakulipokea. Mama mmoja akipungukiwa, nyapara alichota maua kwenye debe la jirani lililofurika, akamjazia. Tuliita kusawazisha. Hakuna aliyelalamika. Leo kwako, kesho kwangu.

Basi nikasawazisha. Nilichukua wadudu tisa wa Kisiwa cha Kwanza, nikawaweka katika kichupa cha Kisiwa cha Pili. Chini ya hadubini walifanana kama mapacha. Kisiwa cha Tatu kilipungukiwa na wanne, nikafanya hivyo hivyo. Sikuona kwamba ni jambo la kumwambia mtu. Jeni nilikuwa nimezisoma kitabuni, lakini mikono ilisomea Molo.

Vichupa vya Kisiwa cha Kwanza na cha Pili vilitangulia kupelekwa Nairobi kupimwa jeni. Baada ya miezi miwili Nangila aliingia maabara akiwa na karatasi, akavuta kiti karibu yangu.

"Kuna maneno, mzee. Hawa wadudu hawawezi kuvuka bahari. Wa kila kisiwa wamezaana wao kwa wao maelfu ya miaka, mpaka jeni zao zikawa za kwao peke yao."

"Kama maharagwe," nikasema. "Kila boma na mbegu yake."

"Hapo hapo. Sasa nikikuta maharagwe ya boma lako kwa shamba la jirani, nitauliza nani aliyabeba. Kisiwa cha Pili, kati ya wadudu thelathini, tisa ni wa Kisiwa cha Kwanza. Hawajachanganyika hata kidogo. Ni kama wamefika jana."

Nilikuwa nimeshika kibano. Nikakiweka mezani.

"Tisa?"

"Tisa. Na wamefika na nini? Buti zetu, tukitoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Nimeandikia mkuu wa safari, kwa sababu ni lazima, na yeye ameuliza nani alikuwa kwa buti."

Aliyekuwa kwenye buti ni Chepchirchir, fundi wa maabara hiyo, mama wa watoto wawili kutoka Elburgon. Kule visiwani hakuna aliyeshuka kabla hajakaguliwa naye. Alipiga buti mswaki, akachokoa nyayo kwa sindano, akapindua mifuko ya suruali kutafuta mbegu. Alipenda kutusimulia jinsi maprofesa wenye ndevu nyeupe walivyompangia laini, mguu juu, na jinsi mmoja alivyorudishwa mara tatu kama mtoto wa nasari. Alikuwa aende tena Novemba.

"Wamesimamisha jina lake kwenye orodha ya meli," Nangila akasema. "Mpaka ieleweke."

Nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani. Nilijua ukweli, na nilijua pia kwamba kanisa zima lilikuwa linangoja kuona jina langu. Sikumwambia mke wangu. Nilipalilia sukuma wiki ambazo hazikuwa na magugu.

Asubuhi yake nilimkuta Chepchirchir maabarani peke yake. Alikuwa ameziweka buti zake za safari juu ya gazeti, chini ya taa, anachokoa nyayo kwa sindano.

"Sasa, guka," akasema bila kuinua kichwa; ndivyo alivyoniita, yaani babu.

"Unatafuta nini?"

"Nilipokosea. Kuna siku mawimbi yalikuwa mabaya tukashuka mbio. Nilikuwa najiambia nimeosha zote, lakini usiku wa leo nimefikiria, nikaona labda kuna moja ilinipita. Sasa hata naiona. Ya yule profesa mrefu. Mguu wa kushoto."

"Hukukosea."

"Guka, usinipe pole. DNA haidanganyi."

Ningeweza kuvumilia kama angekasirika. Lakini alikuwa ameanza kukumbuka kosa ambalo halikuwako, tena akitaja hadi mguu wenyewe.

"Haidanganyi," nikasema. "Mwite Nangila."

Nangila alipokuja niliwaeleza wote wawili, nikiwa nimesimama. Niliwaeleza habari za mpimaji, lori na debe, na jinsi nilivyosawazisha vichupa. Nangila alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huenda unataka tu kumsaidia Chep," akasema taratibu.

"Majibu ya Kisiwa cha Tatu yamekuja?"

"Yalikuja jana jioni. Sijayafungua."

"Yafungue. Utapata wanne wa Kisiwa cha Kwanza. Hawazidi, hawapungui."

Alifungua kompyuta. Tulisubiri. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, akarudia tena kutoka juu.

"Wanne," akasema.

Chepchirchir aliweka sindano chini. "Debe," akasema. "Nimeosha buti za watu miezi miwili, vidole vimekufa ganzi, halafu nafungiwa meli na debe la Molo."

"Kwa nini hukuniambia wako ishirini na mmoja?" Nangila akauliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Uchache wao ni habari, mzee. Ningetaka kuujua."

"Uliponieleza nilikukata. Nilisema najua."

"Ulisema."

Alikaa kuandika barua kwa mkuu wa safari. Aliandika kwamba kulitokea kosa la maabara. Nilimwomba aandike jina.

"Si lazima."

"Uliniahidi jina langu litaandikwa. Liandike hapo."

Aliliandika: Zakaria Waithaka, mchambuzi. Nilisoma tahajia mara mbili, ikawa sawa.

Mkuu alijibu kwamba neno la mzee halitoshi, anataka vipimo vipya. Ilikuwa haki. Kwa bahati Nangila alikuwa na mtungi mwingine wa kila kisiwa, haujafunguliwa. Alinipa niuchambue wa Kisiwa cha Pili, na Chepchirchir akaketi kando yangu siku zote nne, mikono amekunja. Siku ya nne tulipata wa kumi na nne, na chini ya mtungi pakabaki mchanga mtupu. Niliandika kumi na nne kwenye kibandiko.

"Guka, hakijajaa," Chepchirchir akasema.

"Hakijajaa," nikamjibu, nikafunga kifuniko. Wa Kisiwa cha Tatu tuliuchambua vivyo hivyo.

Majibu yalirudi Septemba. Wote kumi na nne walikuwa wa Kisiwa cha Pili, na wa Tatu walikuwa wa Tatu. Jina la Chepchirchir likarudishwa kwenye orodha ya meli. Wiki moja kabla ya kuondoka alinunua miswaki kumi na miwili sokoni, kisha akaja Section 58 na buti zake ndani ya mfuko wa unga.

"Zikague," akasema. "Wewe ndiye umebaki na deni la buti."

Nilivaa miwani, nikazipeleka dirishani. Nyayo zilikuwa safi kuliko sahani zetu. Lakini kwenye kamba ya buti ya kulia, chini ya fundo, palikuwa na mbegu moja ya nyasi ya Elburgon. Nikaitoa kwa kibano kabla haijapanda meli, nikamwonyesha.