Gari la Marehemu Baba Kwenye Kipimo cha Moshi

Gari lilikuwa limeshatoka uani, mama amekaa mbele na mkoba mapajani, majirani wanapunga mikono utadhani harusi inapita. Fundi alikuwa kiti cha nyuma, magoti karibu yamguse kidevu, akiitazama shingo ya mdogo wake aliyeshika usukani.

Walikuwa wanakwenda kupimwa moshi. Kanuni zilikuwa zimebadilika: teksi itakayotoa moshi mchafu kupita kiwango kipya inanyang'anywa kibali, iwe ya jana au ya enzi za babu. Hili lilikuwa la marehemu baba. Mkubwa aliachiwa spana, mdogo akaachiwa gari. Tangu hapo mkubwa alitengeneza, mdogo akasifiwa.

"Dereva!" muuza magazeti alipaza sauti pale kwenye kona. "Hicho kizee chako kinanguruma kama paka aliyeshiba!"

"Tunakitunza, mjomba!"

Tunakitunza. Wewe na nani? Fundi akajisemea moyoni. Plagi, kabureta, chujio la hewa, vyote vilipita kwenye kucha zake. Lakini ndiyo dunia: anapika huyu, anashukuriwa aliyebeba sahani.

"Mwanangu ana mkono wa baraka," mama akasema, na mkono alioupapasa ulikuwa ule ulioshika usukani.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Dereva akageuka. "Kaka, nizime au niache lingurume?"

Injini kuukuu ikiwa baridi huchoma mafuta nusunusu, ikakohoa moshi. Ikipata moto hupumua safi. Fundi alilijua hilo kama jina lake. Asubuhi alikuwa amelisikiliza gari lile, akajua kwamba litapita.

"Zima. Unachoma mafuta bure."

"Wewe ndiye fundi." Akazima.

Kila foleni iliposogea wakalisukuma kwa mikono, mama akiwa ndani, Fundi akisukuma kwa bidii kuliko mwenye gari, mpaka boneti ikapoa kama mtungi.

Mpimaji akachomeka mrija wa mashine kwenye bomba la moshi. "Washa." Gari likakohoa, namba zikapanda. Akatikisa kichwa.

"Limeanguka. Lakini limepashwa moto hili? Mazee haya mengi hupita yakipata joto. Liache lingurume, nilipime tena."

Dereva akamtazama kaka yake. Mama naye akatoa kichwa dirishani.

"Usijisumbue, bwana," Fundi akasema. "Hata ukilipasha mpaka jioni. Injini imekwisha. Nilikuwa nawaficha tu, nisiwavunje moyo."

"Basi, kama fundi wenu kasema." Mpimaji akaita gari lingine.

Dereva akalala kifudifudi juu ya boneti, akalia kama siku ya msiba. Mama akashuka, akampita, akamshika Fundi mkono wenye grisi. "Pole, mwanangu. Kumbe mzigo huu ulikuwa unaubeba peke yako."

Fundi hakuutoa mkono.

Gari likauzwa kwa mnunua vyuma chakavu. Injini ikafungwa kwenye mashine ya kusaga nafaka, na inasaga mpaka leo. Dereva anaendesha lori la saruji. Nyumbani anaonekana kwa nadra, akija hulala mapema. Mama, aliyezoea kupelekwa kliniki na gari lile, sasa anakwenda kwa miguu. Muuza magazeti alifunga biashara. Fundi yupo kwenye karakana yake, na wateja hawakosi.