Usitazame Kichwa, Ngoja Neno

Kijitabu cha wageni wa mji wa Tryavna alikiandika Denka mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Saa za basi la Gabrovo, maji ya bomba yanayofaa kunywa, viatu vya kuvaa kwenye mawe ya mtaa wa zamani, vyote vimo. Na ukurasa wa nne, kwa herufi nene: "Sisi Wabulgaria tukitikisa kichwa kushoto na kulia, tumekubali. Tukikirusha juu, tumekataa. Usitazame kichwa, ngoja neno."

Miaka kumi na minne alikaa peke yake katika ofisi ile ya wageni. Halafu akaletwa Ralitsa, miaka ishirini na sita, kalelewa Vienna tangu utotoni, shingo ndefu, kicheko hakimwishi. Denka alimchukia siku ya kwanza, na sababu aliijua. Meza ya Ralitsa iliwekwa mlangoni, na Rumen huingilia mlangoni.

Rumen ni dereva wa basi la Gabrovo, kafiwa na mke zamani. Kwa miaka mitatu kila asubuhi alimletea Denka banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, bado ya moto, akisingizia kuulizia ratiba. Ratiba gani, jamani, na mwenye basi ni yeye! Denka alikula, akashukuru, akangoja siku atakayofungua mdomo.

Jumatatu hiyo Denka alikuwa chumba cha ndani na simu sikioni, mgeni anataka kujua kama kwenye basi kuna choo. Kupitia kioo cha mlango akamwona Rumen kainamia meza ya Ralitsa, kofia mkononi, masikio mekundu. Akauliza jambo fupi. Ralitsa akatabasamu, akatikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto. Kamkubali! Rumen akaacha banitsa pale pale mezani, akatoka bila kugeuka.

"Hakuna choo!" Denka akamfokea mgeni wa watu, akakata simu.

Wiki nzima wivu ulimtafuna. Rumen hakuingia tena. Ralitsa akiimba, Denka anafunga dirisha kwa kishindo. Akijipaka rangi ya mdomo, Denka anasonya. Kwenye kijitabu kipya alilifuta jina la msichana, akalifuta na kwenye nakala ya akiba. Ijumaa ikaja barua ya kampuni ya mabasi: dereva Rumen kaomba njia ya Burgas, safari ya leo ndiyo ya mwisho.

Burgas! Baharini! Wamepanga kwenda kuota jua wawili hao, na yeye abaki kugawa ramani.

"Dada Denka," Ralitsa akasema, "nimekukosea nini?"

"Mimi ni nani hata nikosewe? We kale banitsa zako."

"Banitsa zipi? Ile ya Jumatatu ilikuwa yako, nikakuwekea mezani."

"Makombo yako! Niliwatupia njiwa. Umenichukulia mwanamume mbele ya macho yangu, halafu unaniita dada?"

Ralitsa akainuka kitini. "Yule baba wa basi? Dada, mbona aliniulizia wewe! Alitaka kujua kama una mtu."

Denka akashika kiti. "Ukamwambiaje?"

"Kwamba huna."

"Ulimwambia kwa mdomo?"

Ralitsa akafikiri. "Nilikuwa natafuna. Nilimjibu hivi." Na akatikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto, kama wanavyokataa watu wa Vienna.

"Mungu wangu! Umemwambia ninaye!"

Nje injini ilikuwa inanguruma. Denka akatoka mbio na ndala za ofisini juu ya mawe yale yale, moja ikamvuka, akaiacha. Akaugonga mlango wa basi kwa viganja vyote viwili mpaka ukafunguka.

Rumen hakumtazama usoni. "Umesahau kitu?"

"Unaenda Burgas kwa sababu gani?"

"Nikae hapa nikuone na mtu wako?" akasema. "Unaye, Denka, au huna?"

Kichwa kilitaka kujijibia chenyewe, juu, kama cha mama yake na bibi yake. Denka akakishika kwa mikono miwili, kisitikisike hata kidogo.

"Sina," akasema. "Sina mtu, Rumen. Nakungoja wewe."

Rumen akazima injini.