Mfanyakazi wa Saa Sabini na Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili, karani wa mapokezi wa zahanati ile, ambaye wagonjwa walimwita Bi Mafaili, alikaa dirishani kwake bila kuulizwa na meza yake kwamba yeye ni nani. Ndipo ikaja kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na wivu kuliko mke mwenza. Ukiiacha dakika tatu tu, inajifunga na kukudai neno la siri, kana kwamba hamjawahi kuonana. Na Bi Mafaili angefanyaje asiiache? Mafaili ya wagonjwa bado yalikuwa ya karatasi, kwenye rafu za chumba cha nyuma. Anainuka, analeta faili, anakuta neno la siri. Anainuka tena, anarudi, neno la siri. Siku akijitahidi kuiwahi, yenyewe inaamua kujisasisha saa nne asubuhi, foleni imefika getini, na kuandika: "Tafadhali usizime."

"Nani akuzime?" huijibu. "Si umeshajizima mwenyewe?"

Hayo aliyavumilia. Kumbe kompyuta hiyo ilikuwa inamchongea! Siku moja msimamizi wa zahanati alimwita akamwonyesha ripoti ya kompyuta, ambayo kila ikijifunga huandika mtu hayupo: karani huyu, kila siku, hayupo kazini kwa saa tano.

"Sipo wapi, bosi? Wewe si unaniona?"

"Mimi nakuona, mama. Makao makuu hawakuoni. Ripoti ijayo ikiwa hivi tena, wamesema nikutoe dirishani uende stoo, kwenye vitanda vibovu."

Stoo! Yeye anayemjua mgonjwa kwa kikohozi kabla hajaiona sura yake!

Ijumaa asubuhi alikuja na lake. Alichukua bendeji, akaifunga mausi ya kompyuta kwenye shingo ya feni ya mezani, ile inayogeuka kulia na kushoto kama mama mkwe anayekagua nyumba. Feni ikigeuka, mausi inaburutwa. Mausi ikiburutwa, kompyuta inaamini mtu yupo. Siku nzima haikumuuliza kitu. Bi Mafaili alifurahi mpaka akaenda zake nyumbani akasahau kuizima feni.

Jumatatu akaja mkaguzi kutoka makao makuu, ripoti mkononi, uso umejaa heshima.

"Mama, saa sabini na mbili mfululizo! Hata Jumapili! Ulikula saa ngapi?"

Msimamizi alimkonyeza Bi Mafaili akubali tu yaishe. Hakukubali.

"Mwanangu, Jumapili nililala mpaka ubavu ukauma. Mfanyakazi wako yule pale," akasema, akionyesha feni.

Mkaguzi akaiona bendeji. Heshima ikamtoka usoni kama rangi ya kanga ya bei rahisi.

"Huu ni udanganyifu!"

"Ni udanganyifu, sibishi. Ila kompyuta yenu ndiyo iliyoanza. Nilikuwepo, ikasema sipo. Basi nami sikuwepo, nikaifanya iseme nipo. Sasa njoo ukae hapa, baba, uingie kwa jina lako, tuone mtu mwaminifu anavyofanya."

Foleni ikaangua kicheko. Mbele ya watu wote wale, angekataaje? Mkaguzi akavua koti.

Faili la kwanza alilitafuta mpaka jasho likamtoka. Aliporudi: neno la siri. Faili la pili: neno la siri. La tatu alirudi mbio, akakosea herufi mara tatu, kompyuta ikamfungia nje na kumwambia asubiri nusu saa.

"Bwana mkubwa, umelala?" mzee mmoja aliuliza dirishani. "Mgongo wangu wenyewe haujalala."

Bi Mafaili hakumsubiri. Alifungua daftari, akashika kalamu, akapitisha wagonjwa kumi na wanne huku mkaguzi akiikodolea macho skrini.

Mwishowe msimamizi akaleta ripoti ya asubuhi ile, akaisoma polepole, kwa adabu kubwa mno: "Mkaguzi. Hayupo kazini, dakika arobaini na moja."

Mkaguzi akaomba kalamu, akaandika kwamba karani abaki dirishani, na ripoti ile isimhukumu tena mtu anayeinuka kufuata mafaili. Halafu, maana mkaguzi ni mkaguzi, akaandika na barua ya onyo kwa ajili ya feni.

"Lete nitie sahihi," Bi Mafaili alisema. "Na mwandiko wako uunyooshe kidogo, nataka wajukuu waisome. Haya, nipishe kiti, mzee huyu mgongo unamuuma."