Nyusi za Bi Harusi wa Jumamosi

Mimi ni mpambaji, na jina langu la kazini ni Bi Hajulikani. Sikujipa mwenyewe. Nilipewa na wateja, kwa sababu kila bi harusi niliyempamba akiingia ukumbini, watu walinyoosha shingo na kuulizana, "Ndiye huyu kweli? Hajulikani!" Katika kazi yetu hakuna sifa inayoipita hiyo. Mpambaji ambaye bi harusi wake anatambulika tangu getini amepaka poda tu, hajapamba. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa miaka kumi na sita, tena kwa ukali, maana mimi si mtu wa kubembeleza.

Wateja wangu siwaiti kwa majina. Nawaita kwa siku zao: bi harusi wa Ijumaa, bi harusi wa tarehe tano. Huyu ninayemsimulia alikuwa bi harusi wa Jumamosi. Alikuja saluni wiki mbili kabla, kwa ajili ya majaribio, akakaa kwenye kiti changu bila kuegemea. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa sauti ile aliyokuwa nayo, ndogo kama ya mtu anayeomba maji ugenini, sijui darasa alilitulizaje.

"Naomba kitu kimoja tu," alisema. "Bibi yangu anijue."

Akanieleza. Bibi ndiye aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Sasa bibi amezeeka na kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Watu wa nyumbani anawachanganya, shangazi mtu anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, lakini mjukuu wake hajawahi kumkosea hata siku moja. Na Jumamosi ni bibi atakayemshika mkono kutoka mlangoni mwa ukumbi hadi mbele, alipo bwana harusi. Tatizo ni kwamba bibi hashikwi mkono na mtu asiyemjua. Hata muuguzi wa kumpima presha alirudi siku tatu mfululizo ndipo akakubaliwa.

"Akinikataa mbele ya watu," akasema, "sitajua pa kuuweka uso wangu."

Nikamjibu, "Sawa, mwanangu." Lakini niseme ukweli: maneno yale niliyasikia, sikuyasikiliza. Kila bi harusi huniambia nimpake kidogo. Kila mmoja anataka aonekane yeye mwenyewe. Kisha picha zikitoka, huyohuyo anakuja juu: mbona sionekani kama nimepambwa? Kwa hiyo nilishajifunza kutafsiri. Akisema kidogo, anataka rangi nyingi. Akisema "nionekane mimi", anataka aonekane mtu mwingine mwenye bahati zaidi. Nikamtia huyu naye kwenye kapu moja na wenzake.

Ijumaa jioni nilikwenda kwao kumtinda nyusi. Nyusi hutindwa siku moja kabla, ili ngozi ipate kutulia. Zake zilikuwa nene, zimekaribia kukutana juu ya pua, na wa kushoto umeinuka katikati kana kwamba umeshtushwa na jambo. Kwangu ule ulikuwa msitu, na mimi nina wembe. Alifumba macho, akauliza, "Unapunguza kidogo tu, si ndiyo?"

"Kidogo tu," nikasema, na wembe ulikuwa umeshapita.

Nilimtengenezea upinde mwembamba, safi, pande zote sawa. Alipojitazama kwenye kioo cha mkononi alisema asante kwa sauti yake ileile ndogo. Watu huniogopa, nalijua hilo, na nilidhani asante hiyo ni ya kuridhika. Bibi alikuwa ameshalala. Nikafunga sanduku langu nikaenda zangu, nikijipongeza njia nzima.

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi. Walinipa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani ili kupata nafasi, gauni limetundikwa kwenye mlango wa kabati, na pasi bado ina joto. Nilifunika kioo kwa shuka, kama kawaida yangu. Bi harusi wangu hujiona mara moja tu, mwishoni, kazi ikishakamilika. Shangazi mtu aliingia na kutoka akigawa amri. Naye ni mwanamke wa kusema mara moja, kama mimi, ndiyo maana hatukupendana.

"Nimemwamkia bibi leo," bi harusi akaniambia nilipokuwa namfuta uso. "Kaitikia marahaba, halafu kaniuliza mimi ni mtoto wa nyumba gani."

"Wazee wana siku zao," nikamwambia. "Inua kidevu."

Nilifanya kazi saa mbili na nusu. Ngozi niliilainisha mpaka ikawa haina hata kipele cha ushahidi. Pua niliichonga kwa kivuli, mashavu nikayainua, macho nikayarefusha, kope za bandia nikazibandika moja moja kwa gundi. Saa sita na nusu niliondoa shuka kwenye kioo.

"Hee!" shangazi akapiga makofi. "Hajulikani!"

Bi harusi alijitazama kwa muda. "Ni mzuri," akasema, kama anayemsifu jirani. Kisha akaomba aletewe bibi yake.

Bibi aliingia taratibu, mwembamba, amevaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vipya ambavyo alikuwa bado hajaviamini. Alituangalia mmoja mmoja. Bi harusi akasimama, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi."

Bibi aliuficha mkono wake nyuma. "Marahaba, mwanangu. Umependeza. Lakini samahani, mimi namtafuta mjukuu wangu, leo anaolewa. Kinyusi wangu mmemweka wapi?"

"Kinyusi ndiye nani?" nikauliza.

"Si huyohuyo," shangazi akajibu. "Bibi anamwita hivyo tangu mchanga. Alikuwa akimbembeleza kwa kumpitishia kidole gumba kwenye zile nyusi zake za..." Hakumaliza. Akamtazama bi harusi usoni, kisha akanitazama mimi.

Bi harusi alikuwa amerudi kitini, analia bila sauti. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele ili machozi yadondoke sakafuni moja kwa moja, yasipite mashavuni yakaharibu kazi yangu. Hilo ndilo lililonichoma. Binti amekataliwa na mtu aliyemlea, na bado analia kwa uangalifu kwa sababu ananiogopa mimi. Wanasema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu alikuwa mbele yangu kwenye kiti, na nyusi zake nilikuwa nimezifagia mwenyewe jana yake.

"Tumrudishe bibi chumbani," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Mkono nitamshika mimi. Watu wataelewa."

"Kama si bibi," bi harusi akasema, "nitaingia peke yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu kwa nguvu, na nikaelewa jinsi anavyofundisha.

"Gari linakuja saa saba na nusu," shangazi akanikumbusha.

"Likifika, lisubiri," nikasema. "Funga mlango. Nileteeni maji ya uvuguvugu na taulo, zote mlizonazo. Bibi naye apewe kiti, abaki."

Nilizibandua kope, nikamimina mafuta kwenye pamba, nikaanza kufuta. Kazi ya saa mbili na nusu iliondoka kwa dakika kumi na taulo tatu. Sikuwa nimewahi kumfuta bi harusi kabla hajafika ukumbini, na sikudhani kwamba mkono wangu ungekubali. Ulikubali. Ulipobaki uso mtupu, uliooshwa, nilimgeuzia bibi.

Bibi alitazama kwa adabu. "Binti huyu nimemwona asubuhi," akasema. "Aliniamkia vizuri tu."

Bi harusi akafumba macho. Uso ulikuwepo wote, pua yake, mdomo wake, hata kovu dogo la kidevuni, na bado haukutosha. Bibi alikuwa akishika uzi mmoja tu wa kumtambulia mjukuu wake, nami niliukata.

Nywele zilizonyolewa sina uwezo wa kuzirudisha. Lakini kuchora najua. Shangazi akaanza kuhangaika na simu akitafuta picha, na kila aliyoipata ilikuwa ndogo, au bi harusi amevaa miwani ya jua, au uso umekatika nusu. Wakati anatafuta, nilimtupia bibi jicho, na hapo nikaziona nyusi zake. Nyeupe zilikuwa, lakini nene vilevile, zimekaribia kukutana vilevile, na wa kushoto umeinuka katikati.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha bibi, na magoti yangu hayapendi mchezo huo.

"Bibi, naomba nikutazame."

"Nitazame tu," akasema. "Mimi sijaiba kitu."

Siku zote nyusi nazichora kwa mistari miwili na kujaza katikati. Zile nilizichora unywele kwa unywele, kwa wanja niliouchonga mpaka ukawa na ncha ya sindano. Nachora tatu, namgeukia bibi, nachora nne. Zile za juu ya pua nilizifanya hafifu, zimelala huku na huku bila mpango, kama zilivyokuwa kabla sijazivamia. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa nzima. Gari lilifika, likapiga honi, likanyamaza lenyewe. Nilipomaliza nikajisogeza pembeni.

Bibi alitazama. Akainuka kwenye kiti, akasogea, akaweka kidole gumba juu ya pua ya yule binti, akakipitisha taratibu kwenye unyusi wa kushoto hadi mwisho.

"Kinyusi," akasema.

"Abee, bibi."

Kisha sura ya bibi ikabadilika, ikawa kali. "Mbona uko hivi? Saa hizi hujapambwa! Watu watakuja hapa wakukute uso mkavu? Huyo mpambaji wenu yuko wapi, mvivu huyo?"

"Niko hapa, bibi," nikasema, na taulo chafu nimelishika mkononi. "Nimechelewa."

"Basi anza. Na mimi sitoki hapa, nyie mafundi mnahitaji kusimamiwa."

Akakaa karibu, ameushika mkono wa mjukuu wake mapajani mwake. Kwanza nikaurekebisha unyusi aliouvuruga kwa kidole. Kisha nikaanza upya, polepole, kioo kikiwa wazi. Nilipaka ngozi, safari hii nyepesi, nikauliza, "Bibi, huyu nani?"

"Kinyusi. Kwani wewe humjui?"

Nikapaka rangi ya mdomo. "Na huyu?"

"Kinyusi. Umeniuliza sasa hivi. Wewe ndiye unayesahau."

Bi harusi akacheka, shangazi akacheka, mimi nikachovya brashi tena. Nilipoweka kivuli cha kuchonga pua, bibi aliinamisha kichwa upande mmoja, na mkono wake ukalegea. Sikuuliza. Nilifuta kile kivuli palepale, na mkono ukakaza tena. Kope za bandia nilijaribu upande mmoja tu, bibi akakunja uso, nikazitoa. Miaka kumi na sita hakuna mtu aliyewahi kuniambia inatosha, si bi harusi, si mama wa bi harusi. Siku ile niliongozwa na mkono wa bibi kizee, na pale uliponiambia niache, niliacha.

Tulitoka nyumbani saa nane na dakika arobaini. Ukumbini nilisimama nyuma na sanduku langu, mahali ninaposimama siku zote, sauti za watu ziweze kunifikia. Milango ilifunguliwa. Bibi na mjukuu wake walisimama pale, na watu wote wakageuka. Bibi akauona ule umati, akasita.

"Tunakwenda wapi?" akauliza kwa sauti, mpaka safu za nyuma tukasikia.

"Mbele pale, bibi. Naolewa."

Bibi akamgeukia, akamtazama usoni. Nilijua ni nini anachokitafuta, na nilijua kwamba kimechorwa kwa wanja, na kwamba ukumbini kuna joto. Kisha akaupachika mkono wa binti chini ya kwapa lake, kama mtu anayezuia mkoba usiibwe.

"Najua kama unaolewa, Kinyusi. Twende. Na usikanyage gauni."

Walikwenda hadi mbele, hatua kwa hatua, na bibi hakuuachia ule mkono hata bwana harusi alipokwisha kunyoosha wake. Ilibidi asubiri, na alisubiri huku anatabasamu.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, ambaye nilimpambia binti zake wawili, akaniinamia. "Leo vipi, Bi Hajulikani? Huyu tumemjua tangu getini."

Nikamwambia asante, tena nikamwambia kwa moyo wote. Kisha nikafungua sanduku langu kutafuta pamba, maana machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.