Koti Lililopaswa Kwenda Bukavu

Baba aliliweka koti la kaka yangu Wilfried juu ya cherehani yangu, akasema, "Punguza. Juma lijalo utalivaa Bukavu."

Koti hilo lilinunuliwa Wilfried alipoingia universite kule Bukavu. Mtumbwi wetu wa injini uliuzwa kwa ajili ya masomo hayo. Likizo yake ya mwisho aliliacha kwenye msumari. Kisha vita vikarudi, na mwenzake aliyenusurika akatueleza jinsi askari walivyowateremsha vijana kutoka kwenye lori karibu na Uvira, Wilfried akiwemo, na kuwaua. Mwili hatukuupata. Baba alikataa matanga. Kwake yeye, masomo ya Wilfried hayakuwa yamekwisha.

"Papa, mi niko na kazi," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ushonaji kwa masista kule Fizi, na bamama wa soko la Baraka walikuwa wameanza kunizoea.

"Sindano ni kazi? Kiti ya kaka yako iko wazi. Kila mangaribi anakuya pale ku mulango, ananiuliza nani atamumalizia masomo."

"Na ile shati uko navaa," Mama akadakia kutoka jikoni, "ilishonwa na universite?"

"Pulchérie, nyamaza."

"Mutoto moja haikukutosha, baba Wilfried?"

Baba akatoka. Nikaanza kufumua mabega ya koti. Kola ilikuwa bado na harufu ya mafuta ya nywele ya Wilfried. Jua lilikuwa linazama, nikaogopa kugeukia mlangoni. Nilikata, nikashona. Kipimo nilichofuata hakikuwa changu.

Asubuhi nilimwomba Baba alivae kidogo, niangalie mshono. Alivaa. Mikono ya koti ilikomea pale pale kwenye vifundo vyake. Akapapasa mabega.

"Rosette. Umenikatia mi."

"Ndiyo, Papa. Nguo ya marehemu inagawiwa bale alibaacha. Haiendake ku masomo."

Nilidhani atanipiga. Alitazama mlango, kisha akaketi chini na koti lake mwilini, akatoa kilio ambacho majirani walikielewa bila kuambiwa. Wakaja. Mama akatandika mikeka nje.

"Na Bukavu?" aliuliza jirani yetu Anatole, aliyekuwa amekubali kunisindikiza.

"Bukavu ilishakula wa kwangu," Baba alisema. "Huyu abakie na mashini yake."

Wanawake wakaniletea vitambaa vya msiba. Nilikanyaga cherehani uani mchana kutwa. Kila nilipoinua mguu na kelele kukatika, nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, akingoja apimwe.